Muuzaji Akikuandikia Kwamba Akaunti Imebadilika: Mwongozo Kamili wa Kuhakiki Kabla ya Kulipa

Maswali yanayonifikia kutoka kwa wafanyabiashara wa Lubumbashi yanafanana sana. Mtu ameagiza vipuri, vigae au vitambaa kutoka Guangzhou au Dubai. Ankara imefika kwa barua pepe, amelipa, na baada ya wiki mbili muuzaji wa kweli anauliza pesa iko wapi. Karibu wote wanamalizia kwa maneno yaleyale: "Lakini niliangalia anwani, ilikuwa yao."

Ninawaamini. Mara nyingi anwani inakuwa yao kweli, kwa sababu tapeli ameshaingia ndani ya sanduku la muuzaji, au ndani ya lako, na anaandika akiwa humohumo. Ndiyo maana wanaojibu barua hiyo na kuuliza "ni kweli mmebadilisha akaunti?" wanaendelea kupoteza pesa: anayewajibu ni mwizi mwenyewe. Mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja. Barua pepe haihakikiwi kwa barua pepe. Inahakikiwa kwa njia uliyoijua kabla barua hiyo haijafika.

## Vitu vya kuwa navyo

- Karatasi za mwanzo za kila muuzaji: mkataba, ankara ya kwanza uliyolipa bila tatizo, kadi ya biashara uliyopewa mkono kwa mkono.
- Daftari la karatasi, lenye mahali pa kulifungia.
- Simu yenye inite za kupigia nje ya nchi, maana megabaiti peke yake hazitatosha.
- Kompyuta, hata ya kuazima kwa mtu unayemwamini. Baadhi ya mambo hayaonekani vizuri kwenye simu.
- Namba ya simu ya afisa wa banki yako anayeshughulikia uhamisho wa nje, iliyoandikwa kwa mkono.
- Mtu wa pili. Anaweza kuwa mke, mume, kaka au mhasibu, ilimradi asiwe yeye aliyeipokea barua.

## Hatua ya 1: Andika daftari la wauzaji leo

Usingoje barua ya kutilia shaka. Kila muuzaji apewe ukurasa wake, na uandike jina kamili la kampuni kama lilivyo kwenye ankara ya kwanza, namba ya simu ya ofisi, namba ya mtu unayezungumza naye, jina la banki, jina la mwenye akaunti, namba ya akaunti, msimbo wa SWIFT (utambulisho wa banki kwenye malipo ya kimataifa), na nchi ilipo banki.

Mbona karatasi? Kwa sababu mtu aliyeingia kwenye sanduku lako la barua anaweza kufikia pia anwani na mafaili uliyohifadhi huko, na akapanda namba yake mahali pa namba ya zamani. Daftari lililo kabatini mtaani Kamalondo, hapa Lubumbashi, halifikiwi na mtu aliyekaa nchi nyingine.

Chukua namba kutoka karatasi za zamani tu. Usinakili namba ya simu iliyo chini ya barua ya juzi, hata kama barua yenyewe inaonekana safi.

Utajua umefaulu mtu wa pili atakapoweza kumpigia muuzaji yeyote kwa kutumia daftari hilo pekee, bila kufungua barua pepe.

## Hatua ya 2: Soma barua bila kugusa kitu

Usibonyeze kiungo, usifungue faili, usijibu. Soma kwanza ukijiuliza ni jambo gani hasa barua inataka ulifanye.

Inataka ulipe mahali papya? Simama. Inakuhimiza ulipe leo kabla banki hazijafungwa? Simama. Inakukataza kupiga simu, ikisema bosi yuko mkutanoni au simu ya ofisi ni mbovu? Hiyo ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu mwizi anaifahamu njia itakayomkamata na anaifunga mapema.

Usitegemee makosa ya lugha. Zamani barua za matapeli zilijaa Kifaransa kilichovunjika. Sasa programu za kompyuta zinawaandikia vizuri, na aliyesoma barua zenu za nyuma anajua namba ya kontena lako, anajua unamwita muuzaji "my friend", na anajua umebakiza asilimia 70 ya bei.

Hapo kwenye asilimia 70 pana hatari kubwa. Wauzaji wengi wa China hupokea asilimia 30 mwanzoni na zilizobaki kabla mzigo haujaondoka kiwandani. Malipo ya kwanza yanakwenda salama na moyo wako unatulia. Mwizi anangojea ya pili, kwa kuwa ndiyo makubwa na wewe una haraka ya kuona mzigo ukishika njia ya Dar es Salaam au Durban.

## Hatua ya 3: Fungua anwani yenyewe

Kwenye simu unaona jina tu, na jina lolote mtu anaweza kujiandikia. Gusa jina hilo mpaka anwani nzima itokee, kisha ukuze maandishi na usome herufi moja baada ya nyingine.

Tuseme muuzaji wako hutumia mfanotrading.com. Tapeli atajisajilia moja ya hizi:

- rnfanotrading.com: r na n zimebanana zikafanana na m
- mfano-trading.com: kistari kimeongezwa
- mfanotrading.co: herufi ya mwisho imekatwa
- mfanotradlng.com: mahali pa i pamewekwa l

Kisha angalia jibu lako litakwenda wapi. Bonyeza "Répondre", usiandike kitu, soma anwani iliyojitokeza. Ikiwa barua imetoka anwani moja na jibu linaelekea nyingine, barua hiyo ni ya tapeli mpaka ithibitike vingine.

Mwenye kompyuta aongeze jambo moja. Katika Gmail, bonyeza nukta tatu pembeni mwa barua, kisha "Afficher l'original". Juu utaona mistari ya SPF, DKIM na DMARC, yaani ukaguzi wa kama barua imetoka kweli kwenye mtandao inaoutaja. Mmoja ukiandikwa FAIL (umeshindwa), hiyo ni sababu nzito ya kutolipa. Lakini nisikilize vizuri hapa: yote ikiandikwa PASS (umepita), maana yake ni kwamba barua imetoka kwenye mtandao inaodai kutoka. Haisemi ni nani aliyekaa kwenye kiti. Sanduku lililoibwa hutoa PASS tatu bila shida.

Wanaouzia migodi nao wanapata barua za zabuni zenye nembo nzuri ya kampuni ya madini, zinazowaita kupeleka bidhaa Kolwezi au Likasi na kuwaomba "frais de dossier" (ada ya faili) kwa M-Pesa au Airtel Money ya mtu binafsi. Hapo huhitaji kuchunguza anwani. Iache.

Utajua umefaulu ukiweza kumsomea mtu wa pili anwani kamili ya mtumaji na anwani ya jibu, herufi kwa herufi, naye akakubali kwamba zinalingana na daftari.

## Hatua ya 4: Namba za banki zinataja nchi

Hatua hii ni fupi, na watu wengi hawaijui kabisa.

Msimbo wa SWIFT una herufi au tarakimu 8 au 11. Nne za kwanza ni za banki, ya tano na ya sita ni za nchi. CN ni China, HK ni Hong Kong, AE ni Falme za Kiarabu, TR ni Uturuki, IN ni India, ZA ni Afrika Kusini, ZM ni Zambia. Yetu, Kongo (RDC), ni CD. Muuzaji wa Guangzhou akikupa msimbo ambao herufi ya tano na ya sita ni PL, akaunti hiyo iko Poland, hata kama jina la banki lililoandikwa juu yake ni la Kichina.

IBAN, namba ya akaunti ya kimataifa, nayo huanza kwa herufi mbili za nchi. Ya Falme za Kiarabu huanza na AE na ina herufi na tarakimu 23. Ya Uturuki huanza na TR na ina 26. China, Hong Kong na Afrika Kusini hazitumii IBAN. Kwa hiyo kiwanda cha China kikikutumia IBAN, pesa yako haiendi China.

Tazama pia jina la mwenye akaunti. Kampuni uliyonunua kwake ikikuomba ulipe kampuni nyingine yenye jina geni, au mtu binafsi, nenda moja kwa moja hatua ya 5. Najua wauzaji wengi wa Guangzhou hupokea kupitia akaunti za Hong Kong na si wezi. Basi akaunti hiyo ya Hong Kong iwemo kwenye daftari lako tangu siku ya kwanza, isizuke katikati ya biashara.

Wala usiiachie banki kazi hii. Usidhani kwamba jina lisipolingana na namba ya akaunti, pesa itarudi yenyewe. Uhamisho wa kimataifa unaweza kufuata namba tu.

## Hatua ya 5: Piga simu, na uipige vizuri

Ukilazimika kuchagua hatua moja katika mwongozo huu wote, chagua hii. Ila kuna namna ya kupiga simu isiyosaidia kitu, na wengi ndiyo wanayoitumia.

Piga wewe, kwa namba ya daftari. Usitumie namba iliyo kwenye barua. Usikubali simu anayokupigia yeye "ili kukuthibitishia". Akikupigia, mwambie kwa heshima kwamba utampigia sasa hivi, ukate, kisha upige namba ya daftari.

Piga kwa wakati wao. Guangzhou wako mbele yetu kwa saa 6. Ukipiga baada ya chakula cha mchana hapa Lubumbashi, ofisi zao zimeshafungwa, na wewe utasema "hawapokei" halafu utajikuta unarudi kwenye barua pepe. Piga asubuhi, mara tu unapofungua duka. Dubai wako mbele kwa saa 2 tu. Kumbuka pia siku za mapumziko za Wachina: wiki ya kwanza ya Oktoba, na Mwaka Mpya wa Kichina kati ya Januari na Februari. Barua ya kubadilisha akaunti inayofika siku hizo ina kila sababu ya kungoja.

Usimsomee namba, mwache akusomee yeye. Ukisema "mmebadilisha akaunti kuwa hii?", mtu aliye na haraka atajibu "yes, yes" bila kusikiliza. Sema hivi: "Nataka kulipa ankara ya mwezi huu. Nisomee jina la banki na namba ya akaunti." Kaa kimya. Fuatisha kwa kalamu kwenye daftari. Akisoma ile ya zamani, umeokoka, na yeye mwenyewe anahitaji kujua kwamba kuna mtu ndani ya barua zake.

WhatsApp na WeChat zinasaidia kwa sharti. Tumia mazungumzo ya zamani yenye ujumbe wa miezi mingi, piga kwa sauti, na uwe unaitambua sauti hiyo. Akaunti mpya yenye picha ya muuzaji wako haithibitishi chochote.

Video nayo si kinga. Mwanzoni mwa 2024, mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alihamisha karibu dola milioni 25 baada ya mkutano wa video ambamo wakubwa aliowaona na kuwasikia walikuwa wametengenezwa na kompyuta. Kiungo cha mkutano kilichokuja na barua ya malipo kina thamani sawa na barua hiyo.

Muhuri na sahihi visikutulize. Mwenye nakala ya ankara yako ya mwaka jana ana muhuri wa muuzaji na sahihi yake, tayari kubandikwa kwenye karatasi nyingine.

Wengine wanatuma kwanza dola 100 za majaribio, wanapata barua "tumepokea, asante", kisha wanatuma elfu 20. Tafadhali mlione pengo hilo. Dola 100 zimefika kweli, kwa mwizi, na mwizi ndiye aliyeandika asante. Malipo ya majaribio yana maana pale tu muuzaji, kwa simu ya namba ya daftari, anapokutajia mwenyewe kiasi alichopokea na akaunti iliyokipokea. Usimtajie wewe.

Ukishindwa kumpata, usilipe. Nafahamu uzito wa maneno haya kwa mtu ambaye kontena lake liko bandarini na wateja wanamngojea. Kuchelewa kunagharimu, ila mzigo uliochelewa bado ni wako.

Utajua umefaulu ukurasa wa muuzaji utakapokuwa na tarehe, jina la uliyezungumza naye, namba uliyoipiga, akaunti aliyoisoma kwa mdomo wake, na sahihi mbili: yako na ya mtu wa pili. Hapo ndipo ordre de virement, karatasi ya kuiagiza banki ihamishe pesa, inapojazwa, si kabla.

## Hatua ya 6: Barua ya "bosi"

Namna ya pili ya wizi huu haimgusi muuzaji wa nje. Bosi amesafiri kwenda Kolwezi, mtandao unakatika njiani, na mhasibu aliyebaki ofisini anapata barua yenye jina la bosi: "Niko na wageni, usinipigie. Lipa hii haraka, nitakueleza nikirudi. Usimwambie mtu."

Tapeli anautegemea ule uoga wa kumuuliza mkubwa maswali. Kwa hiyo dawa yake iko kwa bosi. Mkae pamoja, uso kwa uso, mkubaliane neno moja la siri ambalo halitaandikwa kwenye simu wala barua yoyote. Malipo yoyote yasiyo ya kawaida yasubiri neno hilo kwa sauti. Mhasibu aseme bila kutetemeka: "Papa, samahani, nimepata ujumbe wa malipo kwa jina lako. Nipe neno letu." Na bosi amshukuru, hata akiwa amechoka. Akimkaripia mara moja tu, safari ijayo mhasibu hatauliza.

Kanuni ileile ifuatwe mfanyakazi anapoandika kwamba mshahara wake upelekwe akaunti nyingine. Aje mwenyewe ofisini.

## Hatua ya 7: Hakikisha mwizi hayuko kwenye sanduku lako

Fanya hivi kwenye kompyuta, katika Gmail:

1. Fungua "Paramètres", kisha "Filtres et adresses bloquées". Futa kichujio chochote usichokitambua. Wezi huweka kichujio kinachoficha barua za muuzaji wa kweli ili usizione.
2. Fungua "Transfert et POP/IMAP". Ikiwa barua zako zinatumwa nakala kwa anwani usiyoijua, iondoe.
3. Chini kabisa ya ukurasa wa barua, bonyeza "Détails" uone akaunti imefunguliwa kutoka wapi na lini.
4. Badilisha neno la siri, uondoe vifaa vyote usivyovitambua, kisha uwashe "Validation en deux étapes".

Fuata mpangilio huo bila kuruka. Ukibadilisha neno la siri na kuuacha ule uelekezaji wa namba 2, mwizi ataendelea kusoma barua zako bila kuhitaji neno la siri lolote. Na usiifanye kazi hii kwenye kompyuta ya sayba.

Kampuni yenye jina lake la mtandao imwombe fundi aweke SPF, DKIM na DMARC, ili watu wa nje wasiweze kuandikia wateja kwa jina hilo. Na kwenye kila ankara yenu ongezeni mstari: "Akaunti yetu haibadilishwi kwa barua pepe. Tupigie kabla ya kulipa tofauti."

## Hatua ya 8: Pesa ikiwa imeshatoka

Acha kila kitu, nenda banki. Usianze kwa kumwandikia muuzaji wala kwa kugombana na mtu.

Omba banki yako itume mara moja ombi la kurudisha uhamisho kwa sababu ya wizi, "rappel de fonds pour fraude". Omba nakala ya ujumbe wa SWIFT wa malipo hayo (zamani MT103, tangu mwishoni mwa 2025 pacs.008), wenye namba ya ufuatiliaji iitwayo UETR yenye herufi na alama 36. Ukiwa na hivyo viwili, andikia kitengo cha kupambana na wizi cha banki iliyopokea. Pesa hukaa kwenye akaunti ya kwanza kwa muda mfupi kabla ya kugawanywa kwingine, kwa hiyo kuomba leo asubuhi na kuomba kesho si sawa. Kama ilikwenda banki ya Marekani, peleka malalamiko pia kwenye ic3.gov ya FBI. Kama ilitumwa kwa simu, piga huduma ya wateja ya mtandao wako wakati huohuo na uombe akaunti hiyo izuiwe.

Usiifute barua. Usitosheke na kuituma mbele, kwani alama zake za asili hupotea. Tumia "Télécharger l'original" na uhifadhi faili. Kisha peleka malalamiko kwa parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, ukiwa na faili hilo, ujumbe huo wa SWIFT na ukurasa wa daftari. Tangu Machi 2023 nchi yetu ina Code du numérique (sheria ya mambo ya kidijitali), Ordonnance-loi namba 23/010, na mwanasheria wako anaweza kuitegemea.

Ninawaomba wenye kampuni jambo moja zaidi. Mhasibu aliyegundua kwamba amedanganywa anaogopa kufukuzwa, kwa hiyo anakaa kimya siku mbili akitafuta namna ya kurekebisha peke yake. Siku hizo mbili ndizo zinazomaliza pesa. Mwambieni leo, kabla halijatokea, kwamba atakayesema saa ileile hatafukuzwa kwa kusema. Google na Facebook zenyewe, kati ya 2013 na 2015, zililipa zaidi ya dola milioni 120 kwa ankara za uongo za Evaldas Rimasauskas wa Lithuania, aliyejifanya kampuni ya Quanta Computer ya Taiwan. Alihukumiwa miaka 5 jela mwaka 2019. Mwaka 2023 FBI ilipokea malalamiko zaidi ya 21,000 ya wizi wa aina hii, yenye hasara ya karibu dola bilioni 2.9. Msichana wa kaunta yenu si mjinga kuliko hao.

Utajua hatua hii imekwenda vizuri ikiwa kabla ya banki kufungwa siku hiyo una karatasi inayoonyesha kwamba ombi la kurudisha limetumwa, ikiwa na saa na jina la afisa aliyelituma. Kesho yake asubuhi rudi ukaulize banki iliyopokea imejibu nini, na keshokutwa tena.